Ushirikiano wa kimkakati si mkataba wa kujihami

Kila mara Rais anaporudi kutoka ziara ya nje na taarifa ikatoka kwamba uhusiano wetu na nchi fulani umepandishwa hadhi na kuwa wa kimkakati, mazungumzo ya redioni na ya vijiweni hugeuka haraka kuwa ya vita. Mmoja atasema sasa hakuna wa kutugusa, maana tuna mkubwa nyuma yetu. Mwingine atasikitika kwamba tumeshachagua kambi, tutaburuzwa kwenye ugomvi usiotuhusu. Wanabishana kwa nguvu kweli, na wote wawili wamesimama juu ya ahadi ambayo haikuwahi kutolewa.

Ushirikiano wa kimkakati ni makubaliano ya nchi mbili, zinazoyatazama mambo fulani kwa jicho linalokaribiana, kwamba zitashughulikia pamoja na kwa muda mrefu mambo ambayo kila moja inayahesabu kuwa ya msingi kwake: biashara, nishati, elimu, usalama wa bahari na mengineyo. Viongozi hutoa tamko la pamoja, wizara husaini hati za makubaliano, halafu kunakuwa na vikao vya kufuatilia. Ahadi ya kupigana upande wa mwenzako haimo, isipokuwa pale ilipoandikwa waziwazi.

Ahadi hiyo ikiwepo, huandikwa. Mkataba ulioanzisha NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, uliosainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949, una Ibara ya 5 inayosema shambulio dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa ni shambulio dhidi ya wote. Hata hapo, kila nchi imeachiwa kuamua hatua inayoona inafaa. Tangu uandikwe, ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Huo ndio mkataba wa kujihami. Una ibara, na mabunge yaliuridhia kabla haujaanza kufanya kazi.

Sasa tujitazame wenyewe. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Beijing, na Tanzania na China zikatangaza kwamba uhusiano wao ni ushirikiano kamili wa kimkakati. Tarehe 9 Oktoba 2023, hata mwaka haujatimia, alikuwa New Delhi na Waziri Mkuu Narendra Modi, na uhusiano wa Tanzania na India nao ukapandishwa kuwa wa kimkakati. Na China na India si majirani wanaoelewana mpakani. Juni 2020, kwenye bonde la Galwan huko milimani Himalaya, askari wao walipigana kwa mawe na marungu, na India ikapoteza askari 20. Kama ushirikiano wa kimkakati ungekuwa na maana ile inayosemwa vijiweni, Tanzania ingekuwa imeahidi kupigana upande wa China dhidi ya India, na upande wa India dhidi ya China. Hakuna serikali yenye akili timamu inayosaini kitu cha namna hiyo, na yetu haikusaini.

Ilichokubali na India kinaonekana kwa macho. Chuo cha teknolojia cha IIT Madras kimefungua tawi Zanzibar, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India, na wanafunzi wake wa mwanzo waliingia darasani mwaka huohuo wa 2023. Kuna utaratibu wa kufanya biashara kwa shilingi na rupia. Kuna mpango wa miaka mitano wa ushirikiano wa ulinzi, na hapa ndipo watu huruka moja kwa moja hadi kwenye vita. Lakini Aprili 2025, wanamaji wa nchi hizi mbili na wa nchi nyingine kadhaa za Afrika walipokutana Dar es Salaam kwa zoezi lililopewa jina AIKEYME, walichofanya ni kujadili namna ya kukabili maharamia na kupeana taarifa, kisha wakatoka baharini kufanya mazoezi ya utafutaji na uokoaji na ya kupanda meli inayoshukiwa ili kuikagua. Kwa nchi ambayo mizigo yake na ya majirani zake inapita baharini, hilo ni jambo kubwa. Halihitaji kupambwa kwa jina la muungano wa kijeshi.

Wenzetu wa Kenya nao walipitia mkanganyiko huohuo. Mwaka 2024, kufuatia ziara ya Rais William Ruto Washington mwezi Mei, Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Misri, Morocco na Tunisia zilishakuwa nayo. Wapo waliosikia neno NATO wakaishia hapo, wakasema Kenya imeingia NATO. Haikuingia. Hadhi hiyo inarahisisha kupata vifaa vya kijeshi ambavyo Marekani haivihitaji tena, kushirikiana katika utafiti, na kampuni za nchi husika kuomba baadhi ya zabuni za matengenezo. Serikali ya Marekani yenyewe inaeleza kwamba haina dhamana ya kumtetea anayepewa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Urusi, kwa sababu unaonyesha kwamba jina la mkataba peke yake halitoshi. Tarehe 19 Juni 2024 Urusi ilisaini na Korea Kaskazini mkataba wa ushirikiano kamili wa kimkakati. Tarehe 17 Januari 2025 ikasaini na Iran mkataba wenye jina hilohilo. Ule wa Korea Kaskazini, katika Ibara ya 4, unasema mmoja akivamiwa kwa silaha, mwingine atampa msaada wa kijeshi bila kuchelewa. Kabla mwaka 2024 haujaisha, askari wa Korea Kaskazini walikuwa vitani Kursk, mkoa wa Urusi, wakipigana na majeshi ya Ukraine. Ule wa Iran unasema tu kwamba mmoja akishambuliwa, mwingine hatamsaidia mshambuliaji. Israel, kisha Marekani, zilipoishambulia Iran Juni 2025, Urusi ililaani na haikupeleka majeshi. Wengi walisema Iran imesalitiwa. Wangesoma mkataba wenyewe wangeona kwamba Urusi haikuwa imeahidi kwenda kupigana.

Kwetu kuna njia rahisi ya kupima. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Ahadi ya kuwapeleka vijana wetu kufa kwa ajili ya nchi nyingine haiwezi kutokea kwenye tamko la pamoja la viongozi wawili waliosimama mbele ya bendera. Kama haijaonekana Dodoma, usiisimulie kana kwamba ipo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, habari hii itakapokuja tena mezani kwako, usiseme tumepata wa kutulinda, wala usiseme tumejiunga na kambi. Sema nchi hizi mbili zimekubaliana kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu katika mambo kadhaa, uyataje kwa majina, kisha umuulize mgeni wako wa studio ni hati gani zimesainiwa, nani analipia, na kikao cha kufuatilia kitakaa lini.