Kukimbia hakusagi magoti jamani

Hapa Mbeya ukimwambia mtu twende mbio za hisani, hata zile za kilomita 5 tu, anakwambia "nitasagika magoti". Imesemwa miaka na miaka, ila uchambuzi wa tafiti uliotoka 2017 ulikuta wakimbiaji wa kawaida wenye kusagika goti au nyonga ni kama 3.5%, wasiokimbia 10.2%, na wale wa mashindano makubwa ndo 13.3%. Gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, linalishwa na ule ute wa kwenye goti, na ute unazunguka ukitembea ukikimbia, sio ukikaa. We anza taratibu, kimbia dakika moja tembea mbili, ukihema sana usiogope maana huku tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Goti likivimba, muone daktari kwanza.