Mwanga "Uliopunguzwa Kasi": Tunayoulizwa na Yaliyo Kweli

Kila ninapomaliza kuwaeleza wageni kazi ya maabara yetu, ambayo ni kupunguza kasi ya mwanga ndani ya semikondakta (vitu kama silikoni, vinavyotengenezewa chipu za kompyuta), swali la kwanza huwa lile lile: ikiwa mmeweza kuupunguzia mwanga kasi, si mmeshathibitisha kwamba Einstein, aliyesema kasi ya mwanga katika ombwe haibadiliki, alikosea? Hapana, na nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandikie jibu kamili.

Mita 299,792,458 kwa sekunde ni kasi ya mwanga katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa, na tangu mwaka 1983 ndiyo inayotumika kufasili mita yenyewe. Hakuna semikondakta inayoibadilisha. Tunachopunguza sisi ni kasi ya kundi, yaani mwendo wa mpigo mzima wa mwanga, ambao huundwa na mawimbi mengi yenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayokaribiana; kilele cha mpigo huo hutokea pale mawimbi yanapoafikiana, na mahali hapo panaweza kusogea polepole sana kuliko mawimbi yenyewe.

Chukua bamba la silikoni lenye unene wa nanomita 220 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), lililotobolewa safu za matundu yanayofuatana kila takriban nanomita 400, na safu moja ikaachwa bila kutobolewa ili iwe njia. Kila safu ya matundu hurudisha sehemu ndogo ya mwanga, na karibu na masafa fulani mwanga unaokwenda na ule unaorudi hukaribia kulingana, hivyo nishati husonga mbele kidogo kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM walitumia bamba la aina hii kupunguza kasi ya kundi zaidi ya mara 300. Kwa kiwango hicho, milimita 1 ambayo mwanga huikata katika ombwe kwa pikosekunde 3.3 huchukua kama nanosekunde 1, yaani pikosekunde 1,000. Wanaonitajia jaribio la mwanafizikia Lene Hau la mwaka 1999, ambapo mpigo ulipita kwenye atomi baridi za sodiamu kwa mita 17 kwa sekunde, nao nawajibu hivyo hivyo: njia ni nyingine, lakini kilichopungua ni kasi ya kundi. Tafadhali, kabla ya kutangaza kwamba sheria ya fizikia imevunjika, uliza kwanza ni kasi ipi inayozungumzwa.

Wengine hudai kwamba kitu chembamba hivyo hakiwezi kuuchelewesha mwanga. Wanafikiria mwanga unaopenya unene wake, ilhali katika bamba letu mwanga husafiri kwa urefu, umefungiwa ndani yake.

Mwanga uliopunguzwa kasi haubadiliki rangi wala "hauchoki". Masafa yake hubaki yale yale, na ukitoka nje, mpigo hurejea kwenye mwendo wake wa awali.

Na wale wanaohofia kwamba kompyuta zitafanya kazi polepole wamelishika jambo kinyume: mwanga unaokawia huathiriana zaidi na semikondakta, hivyo swichi yake inaweza kufanywa fupi na kutumia nishati ndogo. Gharama ya kweli ni nyingine. Upana wa masafa yanayocheleweshwa hupungua kadiri ucheleweshaji unavyoongezeka, na mikwaruzo ya nanomita chache tu kwenye kingo za matundu hutawanya mwanga huo kuliko inavyotawanya mwanga wa kawaida, ndiyo maana muda wetu mwingi huishia katika kuzilainisha kingo hizo.