Rangi za bakteria na baridi: kazi ya karotenoidi katika utando wa seli

Bakteria wengi wanaotoka kwenye barafu, theluji au udongo wa milima mirefu huonekana na rangi ya manjano, ya chungwa, ya waridi au nyekundu wanapooteshwa maabara. Rangi hizo hutokana mara nyingi na karotenoidi, kundi la kemikali ambalo ndilo pia linaloipa karoti rangi yake na mafuta ya mawese ya Kyela wekundu wake. Swali ambalo wanasayansi wamelifuatilia kwa muda mrefu ni kwa nini bakteria anayeishi katika baridi agharimie nishati kutengeneza rangi, ilhali nishati yenyewe ni haba kwake.

Wazo linalomjia mtu haraka ni kwamba rangi humpasha bakteria joto kwa kunasa mwanga wa jua. Kwa seli mojamoja wazo hilo halina nguvu, kwa kuwa bakteria ana upana wa takriban maikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kitu kidogo kiasi hicho hupoteza joto papo hapo kwenda kwenye maji au hewa inayokizunguka. Jotoridi la bakteria ni jotoridi la mahali alipo. Kwa hiyo tuitazame sehemu ya seli inayoathirika mapema baridi inapoingia, nayo ni utando.

Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, na ndani yake zimo protini zinazoingiza chakula na kutoa taka. Ili protini hizo zifanye kazi, mafuta hayo hayana budi kuwa laini bila kuwa maji. Yeyote aliyeishi Mbeya au Njombe mwezi wa Juni anajua chupa ya mawese inavyoganda kabatini usiku, huku ya alizeti ikiendelea kumiminika. Tofauti hiyo inatokana na umbo la asidi za mafuta: zilizonyooka hupangana kwa kubanana na kuganda mapema, lakini zenye kona haziwezi kubanana hivyo. Bakteria anayepatwa na baridi hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuongeza asidi zenye kona au zenye matawi katika utando wake.

Hapo ndipo karotenoidi zinapoingia, na kazi yake si ile ambayo mtu angeitarajia. Baadhi yake, kama zeaksanthini, zina ncha mbili zinazopenda maji, hivyo molekuli moja hukaa imepita katikati ya utando kutoka uso mmoja hadi wa pili na kuuimarisha. Beta-karotini, isiyo na ncha za namna hiyo, hujilaza ndani ya mafuta bila mpangilio thabiti. Katika Sphingobacterium antarcticus, bakteria wa Antaktika, ilionekana kwamba akikuzwa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi badala ya 25, karotenoidi zenye ncha zinazopenda maji huongezeka na zile zisizo nazo hupungua. Inashangaza kidogo, kwa sababu baridi tayari inaukaza utando, na bakteria anaongeza kitu cha kuukaza zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba rangi husawazisha: mafuta yenye kona huulegeza utando, karotenoidi huuzuia usilegee kupita kiasi.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, umo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Staphylococcus xylosus, bakteria wa kawaida kwenye ngozi za wanyama. Alipokuzwa kwenye nyuzi 10 alitengeneza karotenoidi, hasa stafiloksanthini. Kwenye nyuzi 30 hazikuonekana kabisa. Utando wa waliokuzwa kwenye baridi ulikuwa na mpangilio mzuri zaidi na bado ukabaki laini, na badala ya kuganda ghafla jotoridi liliposhuka, uligeuka polepole katika masafa mapana ya nyuzi. Seli hizo pia zilistahimili vizuri zaidi kugandishwa na kuyeyushwa. Watafiti walipozuia utengenezaji wa rangi, manufaa hayo yalitoweka, jambo linaloonyesha kwamba rangi ndiyo iliyokuwa chanzo.

Mabadiliko ya polepole ni faida kubwa mahali kama uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, kwenye kimo cha takriban mita 2,600, ambako sakitu hutanda juu ya nyasi usiku wa Juni na Julai, kisha jua likapiga mawe kabla ya adhuhuri. Bakteria wa juu ya jiwe hana baridi moja ya kuzoea. Jotoridi lake hupanda na kushuka kila siku. Tena kimo huongeza mionzi ya urujuanimno, kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi: lita moja hushika takriban miligramu 14.6 kwenye nyuzi 0, ikilinganishwa na 7.6 kwenye nyuzi 30. Mwanga na oksijeni vikikutana huzaa kemikali kali zinazochoma mafuta na protini, na karotenoidi huzizima. Rangi ileile basi hufanya kazi mbili.

Si kila bakteria wa baridi anayehitaji karotenoidi. Listeria monocytogenes, bakteria anayeleta ugonjwa kupitia chakula, hukua ndani ya jokofu bila rangi hizo, akitegemea zaidi asidi zenye matawi. Kwa hiyo mtu akikwangua jiwe la Kitulo na kupata makoloni ya rangi ya chungwa, asikimbilie kusema kwamba baridi ndiyo iliyoyapaka. Inabidi aina ileile ioteshwe gizani, sehemu moja kwenye nyuzi 10 na nyingine kwenye 30, kwa chakula kilekile. Rangi ikiongezeka upande wa baridi, jua halihusiki na ongezeko hilo. Kisha rangi izuiwe, ili ionekane kama seli zinakua polepole zaidi au zinakufa zikigandishwa. Bila hatua hiyo ya pili, uhusiano wa rangi na baridi unabaki kuwa dhana tu.