Kwa nini jino bovu huzidi kuuma usiku?

Shika shavu pale mwaloni Kirumba, Mwanza, useme jino limekukosesha usingizi, na hutakosa mtu wa kukwambia kuna mdudu anatoboa. Imani hiyo ni ya kale sana. Ilikuwepo Mesopotamia na ilikuwepo Ulaya, hadi mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alipoandika kwamba mdudu huyo hakuwahi kumwona. Inashika kwa sababu inafanana na kweli: tundu lipo, maumivu yanachimba, na kiini cha jino kikivutwa nje ni kama kijinyoo chembamba.

Tundu huchimbwa na asidi ya bakteria wanaokula sukari. Gamba la nje halina neva, kwa hiyo huliwa kimyakimya. Chini yake kuna dentini, yenye vijibomba vidogo mno vinavyofika kwenye kiini, na huko ndiko kwenye damu, neva na seli za kinga.

Neva za jino hazikai tu kupeleka taarifa kwenye ubongo. Zikichokozwa humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa dutu P, zinazotanua mishipa ya damu na kuita seli za kinga. Seli hizo nazo zikifika, eneo hilo hujaa prostaglandini, ambayo huzifanya neva zishtuke kwa jambo dogo. Ni kama sungusungu, wale walinzi wa kijiji wa Usukumani: mwenye nyumba anapuliza filimbi, wanakuja mbio, lakini nyumba ni ya mawe, haina dirisha, na mlango ni mmoja, mwembamba. Wanajaa, wanamkanyaga aliyewaita, naye anazidi kupuliza. Mlango huo ni kijitundu kwenye ncha ya mzizi. Mahali pengine mwilini nyama ingevimba. Ndani ya jino haina pa kwenda, shinikizo linapanda. Ukilala, damu nyingi zaidi huja kichwani, ndipo jino linapodunda sawasawa na moyo.

Ibuprofen hutuliza kwa kuzuia prostaglandini isitengenezwe, bakteria haiwagusi.

Lakini filimbi ina faida. Panya waliokatwa neva za jino kisha wakatobolewa jino hilo, kiini chao kiliharibika haraka kuliko cha wenye neva nzima. Kwenye kiini kilichojeruhiwa, neva hata huchipua matawi mapya kuelekea penye kidonda. Majaribio hayo ni ya panya, ingawa kwenye meno ya watu yaliyooza pia seli za kinga zimeonekana zikiwa zimegusana na ncha za neva.

Hata karafuu ina sehemu yake. Mwaka 2021 watafiti walionesha, tena kwa panya, kwamba ubaridi hunaswa na seli zinazotengeneza dentini, kupitia protini iitwayo TRPC5. Kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, yujeno, huizuia protini hiyo.

Kuna siku maumivu hukatika ghafla, na dawa yoyote iliyotumika jana yake ikapewa sifa. Mara nyingi kiini kimekufa, neva pamoja nacho. Bakteria sasa wanashuka kwenye mzizi hadi kwenye mfupa wa taya, na usaha unaanza kujikusanya huko.