Je, wajua kwa nini ukoka uliofyekwa chini sana huungua kiangazi?

Nyumba mbili zimepakana. Mvua waliyopata ni ileile, udongo hautofautiani, na hata ukoka uliopandwa ulitoka sehemu moja. Masika yakishapita kwa wiki tatu nne hivi, ua wa kwanza umekauka na kuwa wa kahawia, wa pili bado kijani. Watu hudhani huyu wa pili anamwagilia usiku. Mara nyingi tofauti iko kwenye fyekeo: mmoja hukata hadi ardhi ionekane, mwenzake huacha nyasi zenye urefu wa upana wa vidole vitatu.

Nyasi hukua kwa kuanzia chini. Sehemu inayotoa majani mapya iko karibu kabisa na ardhi, ndiyo maana ng'ombe akishakula ncha, jani huendelea kurefuka kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo tunapodanganyika tukaona kuwa ukoka haudhuriki. Unadhurika, ila ni huko chini tusikokuona. Jani ndilo jiko la mmea: humo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni hugeuzwa kuwa sukari, na mizizi isiyopata jua hulishwa kwa sukari hiyo. Ukiondoa majani mengi kwa mkupuo mmoja, mmea hutumia akiba yake kutoa majani mapya, na mizizi inakosa chakula.

Mwaka 1955 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha utafiti wa Franklin Crider, aliyekata aina kadhaa za nyasi kwa viwango tofauti na kufuatilia mizizi yake. Nyasi zilizopunguzwa nusu ya majani au zaidi, karibu zote zilisimamisha ukuaji wa mizizi kwa muda. Sasa fikiria ua unaonyolewa hivyo kila wiki mbili mwaka mzima. Mizizi haipati nafasi ya kushuka, inabaki kwenye udongo wa juu, na udongo wa juu ndio unaotangulia kukauka jua likiwaka.

Chimbua kipande kidogo cha ukoka ulionyolewa, ukitazame kwa karibu. Utaona shina linalotambaa, lenye pingili, na kila pingili inayogusa ardhi imetoa mizizi. Juu ya shina hilo kuna vijiti vya rangi ya njano vyenye majani machache nchani tu, na katikati ya shina na shina kuna udongo mtupu. Udongo huo ukipigwa jua hupoteza maji haraka, na mbegu za magugu zilizolala humo hupata mwanga wa kuota. Kwa hiyo mwenye ua hununua dawa ya magugu kupambana na kitu alichokikaribisha mwenyewe kwa fyekeo.

Viwanja vya gofu? Ni kweli, sehemu zile zenye shimo hukatwa hadi kama milimita 3 na bado ni kijani. Lakini hizo ni aina zilizozalishwa mahsusi kwa kazi hiyo, na zinanyweshwa, zinawekewa mbolea na kupigwa dawa na wafanyakazi wa kila siku. Sioni sababu ya ua wa nyumbani kuigiza jambo la gharama namna hiyo.

Kanuni inayofaa ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka ukoka wa sentimita 5, ufyeke ukifika 7 na nusu. Kama umekuwa msitu, ushushe kwa awamu, ukiacha siku kadhaa katikati. Na uliyoyafyeka, yakiwa mafupi, yaache palepale. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na kilichobaki kina naitrojeni, kirutubisho kilekile tunachokifuata kwenye mfuko wa mbolea ya urea. Minyoo na mchwa watafanya kazi yao. Yakiwa marundo mazito yaondoe, maana yatafunika nyasi zilizo hai. Yapeleke kwenye mboji au kwenye shina la mgomba.

Kwenye maji, piga hesabu kwanza. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kulowesha ua wa mita 20 za mraba kwa milimita 25 kunahitaji lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Kwangu mimi hesabu hiyo inatosha kumshawishi mtu apunguze eneo la nyasi na kupanda miti na maua ya kudumu kwingineko. Kwa eneo linalobaki, mwagilia asubuhi, kwa nadra lakini mpaka maji yashuke. Kunyunyiza kidogo kila jioni hulowesha juu tu, na mizizi hubaki hukohuko juu yaliko maji. Penye mchanga mwingi kama pwani, maji hupita haraka, hivyo gawanya kiasi hicho mara mbili kwa wiki na utandaze mboji iliyochekechwa mara kwa mara.

Chini ya mwembe, achana na ukoka. Ni nyasi ya jua. Kivulini hukonda na kufa hata ukiupanda upya kila masika. Hapo yaache majani ya mti yatandae badala ya kuyafagia na kuyachoma. Anayeogopa nyoka afagie karibu na nyumba, aache eneo la shina, ambako majani hayo hupoza udongo na kuzuia maji yasipotee. Majani ya mwembe ni magumu na huchukua miezi kuoza, lakini ukiyachanganya na nyasi mbichi ulizofyeka huoza upesi zaidi, kwa kuwa nyasi huongeza naitrojeni ambayo majani makavu yana upungufu nayo.