Kikundi cha kuacha pombe: chagua kilicho njiani kwako

Anayekuja kliniki kuomba msaada wa kuacha pombe huniuliza kikundi kizuri kiko wapi. Nami humuuliza: kiu inakubana saa ngapi, na ukitoka kazini unapita wapi?

Chukua mtu wa hapa Dar es Salaam anayeuza dukani Kariakoo na kulala Mbagala. Pombe haimsumbui saa 4 asubuhi. Inamsumbua saa 12 jioni akishuka kwenye daladala, baa zimewasha taa na wenzake wameshakaa. Kikundi kinachokutana Masaki Jumamosi mchana, hata kiwe na watu wema vipi, hakimfikii jioni ya Jumanne. Atakwenda mara mbili, foleni na nauli vitamchosha, ataacha. Bora kikundi kidogo cha watu watano kilicho njiani kwake, kinachokutana saa ile ile ya kiu.

Lakini kama unakunywa kila siku na asubuhi huwezi kuanza kazi bila kuzimua, tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha, kati ya siku ya 2 na ya 4, wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Nyumbani watasema amerogwa, kumbe ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo huua. Anzia hospitali: Muhimbili, Amana, Mwananyamala au Temeke. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Hapo hapo hospitalini, ulizia vikundi kwa muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Vikundi vingi havina bango mlangoni, hupatikana kwa kuulizia. Nyumba za upataji nafuu (sober house) nazo huwafahamu watu walioacha na wanaokutana. Uliza pia kanisani au msikitini kwako, bila aibu.

Utasikia jina la Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe. Ulianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili waliokuwa wakinywa kupindukia: dalali wa hisa na daktari wa upasuaji. Sharti la kujiunga ni moja, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, na unayoyasikia hayatoki nje. Mikutano mingine ni ya wazi, hata mke au ndugu anaweza kuingia. Mingine ni ya wenye tatizo tu, kwa hiyo ulizia kabla. Familia nazo zina vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951. Ukikosa cha karibu, ipo mikutano ya kwenye intaneti.

Jihadhari na anayekukataza dawa ulizopewa hospitali, au anayefunga watu kwa minyororo akiita hiyo tiba. Ondoka.

Siku ya kwanza si lazima useme neno. Kaa, sikiliza. Ila usitoke bila namba ya simu ya mtu mmoja aliyekaa muda mrefu bila kunywa, na umwombe ruhusa ya kumpigia jioni, kabla hujashuka kituoni.