Tunataka kucheza tu: uongo tuliouzoea kuhusu nyimbo za majuu za kuchangamsha

Kwenye flashi ya mjomba wangu, ile anayochomeka kwenye gari kila asubuhi ili aamke vizuri, kuna wimbo umeandikwa Bob Marley Dont Worry Be Happy. Nimeshamwambia sijui mara ngapi kwamba huyo sio Bob, Bob alifariki Mei 1981 na wimbo umetoka 1988, mwimbaji ni Mmarekani anaitwa Bobby McFerrin, mjomba anasikiliza, anaitikia, alafu juzi napanda gari nakuta kabadilisha, sasa imeandikwa Bobby Marley. Nikaacha.

Simlaumu sana lakini. Enzi zile za kudauniload nyimbo kila aliyeupandisha alibandika jina analolijua yeye, na McFerrin kaimba kwa lafudhi ya Kijamaika Jamaika, alafu Bob kweli anao wake wa 1977, Three Little Birds, nao unakwambia usiwaze kitu. Lazima watu wachanganye. Ila utamu wenyewe ndo hawaujui: kwenye huo wimbo wa McFerrin hakuna chombo hata kimoja! Ile besi, ule mluzi, zile sauti zinazoitikia kwa nyuma, zote ni yeye karekodi sauti juu ya sauti, weka iyafoni usikilize taratibu utanielewa. Septemba 1988 ukashika namba 1 Marekani, wa kwanza usio na vyombo kufika hapo. Na ule uvumi kwamba jamaa alijiua baada ya kutuambia tusiwaze ni uongo mtupu, aliendelea kupiga shoo miaka na miaka.

Kuna hii nyingine, kwamba biti likichangamka basi na maneno yamechangamka. Chukua Rivers of Babylon ya Boney M ya 1978, ile ambayo ikigongwa harusini hadi mabibi wanaweka sahani ya pilau chini. Ile ni Zaburi ya 137 jamani. "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia." Ni kilio cha mateka, na ukisoma kidogo mbele unakuta waliowateka wanataka waimbiwe nyimbo za furaha, yaani mtu kaambiwa changamka wakati moyo umekufa, na sisi huku tunakata mauno. Wala sio wa kwao kwa asili, walianza The Melodians wa Jamaika mwaka 1970. Na yule kaka wa Boney M anayerukaruka jukwaani kama kakanyaga kaa la moto, Bobby Farrell, ile sauti nzito ya kiume kwenye rekodi sio yake, ni ya prodyuza wao Mjerumani, Frank Farian.

Hey Ya! ya OutKast (2003) ni hivyo hivyo, watu wanaruka, mwimbaji mwenyewe analalamika kuhusu mapenzi yanayokufa, tena katikati anawachana kabisa kwamba hamtaki kunisikiliza nyie mnataka kucheza tu. Kweli.

Sasa hii inatuhusu sisi. Nimebishana na watu wazima wanaoapa kuwa Lionel Richie kwenye All Night Long (1983) kaingiza Kiswahili pale katikati, kisa wamesikia jambo. Tafuta maana ya yale maneno mengine mpaka kesho hupati, kwa sababu haipo, Richie mwenyewe ameshakiri kwamba alitaka kipande chenye ladha ya Kiafrika akaishia kubuni. Michael Jackson naye, yale ya mama-say mwishoni mwa Wanna Be Startin' Somethin', sio Kiswahili, yametoka kwenye Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kameruni, 1972, na Dibango alidai haki yake mpaka wakalipana. Kiswahili cha kweli kwa Michael kipo kwenye Liberian Girl (1987), mwanzo kabisa, mwanamke ananong'ona nakupenda pia, nakutaka pia, mpenziwe. Huyo ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Kiswahili na Liberia wapi na wapi, ila tulipokea kwa mikono miwili.

Wanaojua muziki kidogo wao wanakwambia noti za maina (minor kwa Kizungu, ule mpangilio wa noti unaosikika kama umenuna) ni za huzuni, haziwezi kumwinua mtu. I Will Survive ya Gloria Gaynor (1978) ni maina mwanzo mwisho. Dada wa watu alianguka jukwaani akafanyiwa upasuaji wa mgongo, kaurekodi amefungwa mkanda wa kushikilia uti, na kampuni ikauweka upande wa pili wa santuri, madijei ndo wakaigeuza.

Alafu eti lazima wimbo ukimbie ndo uchangamshe. Stayin' Alive ya Bee Gees (1977) ina mapigo kama 103 tu kwa dakika, ndo maana kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza wanautumia kufundishia kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama, maana inatakiwa 100 mpaka 120. Na hauyumbi hata kidogo kwa sababu mpiga dramu wao alikuwa ameondoka kwa matatizo ya familia, wakakata kipande cha dramu kwenye mkanda wa wimbo wao mwingine, Night Fever, wakakiunganisha kizunguke, kwenye kava wakaandika dramu kapiga Bernard Lupe, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.